Waya Juu ya Mwembe: Somo Kuhusu Redio ya Ridhaa Mpakani

Somo la toleo hili limetokana na kosa letu wenyewe.

Miezi kadhaa iliyopita mwananchi mmoja alifika katika kituo cha polisi cha mpakani akiwa na taarifa ya kutia hofu. Jirani yake, mwalimu mstaafu, alikuwa ametundika waya mrefu kutoka paa la nyumba hadi kwenye mwembe, na kila usiku baada ya saa tatu chumba chake kilitoa mlio wa kukatikakatika, ti-ti-taa, ti-taa, pamoja na sauti za watu wanaosema lugha zisizojulikana pale kijijini. Askari wakaenda. Wakashusha waya, wakachukua mtambo, wakamchukua na mzee mwenyewe. Alilala kituoni usiku mmoja. Asubuhi yake mkuu wa kituo aliomba kuonyeshwa karatasi ambazo mzee alikuwa akizitaja tangu jioni bila kupata wa kumsikiliza, na ndani ya bahasha mkatoka leseni halali ya redio ya ridhaa, yenye jina lake, anwani ya nyumba ileile, na alama ya mwito aliyopewa na Tume ya Mawasiliano ya Uganda.

Tulimrudishia mtambo wake na kumwomba radhi. Waya ulikuwa umekwisha kukatwa vipande viwili.

Jirani aliyeleta taarifa hakukosea, na tunataka jambo hilo lieleweke mapema, maana tusingependa mtu yeyote asome kisa hiki kisha aache kutuletea habari za mambo anayoyatilia shaka. Yeye alifanya tunachowaomba wananchi kila siku. Waliokosea ni sisi, tuliokuwa na maswali matatu mepesi ya kuuliza na hatukuuliza hata moja. Tunakijua pia chanzo cha hofu. Mutukula na vijiji vya pande zote mbili za mpaka vilipitiwa na vita vya mwaka 1978 na 1979, na wazee walioviona hawajasahau kwamba wakati ule mtu mwenye chombo cha kurusha sauti angeweza kuwa mpelelezi wa upande wowote. Hofu ya namna hiyo hurithiwa na watoto na wajukuu.

Mzee hakutushtaki popote. Alitutaka jambo moja tu: twende kwenye mkutano wa klabu yao ndogo ya wanaredio, tukae kitako, tujifunze. Tulikwenda mara ya kwanza kwa aibu; mara ya pili na ya tatu tulikwenda kwa hiari. Yafuatayo ndiyo tuliyorudi nayo.

Maana ya redio ya ridhaa

Wapenzi wa kandanda wanalijua neno ridhaa. Mchezaji wa ridhaa hucheza kwa kuupenda mchezo, hapati mshahara. Ndivyo alivyo mwanaredio wa ridhaa. Kanuni za Redio za kimataifa, zinazosimamiwa na shirika la Umoja wa Mataifa lijulikanalo kwa herufi ITU, zinaitambua kazi yake kuwa ni ya kujifundisha, kuwasiliana na kufanya uchunguzi wa kitaalamu, ikifanywa na watu walioruhusiwa, kwa shauku yao binafsi na bila kutafuta fedha. Mkazo uko kwenye maneno mawili: walioruhusiwa, na bila fedha. Tutayarudia.

Isichanganywe na redio ya matangazo inayocheza muziki na kusoma habari kwa umma. Mwanaredio wa ridhaa hatangazi. Anazungumza na mwanaredio mwenzake, mmoja kwa mmoja au katika kikao cha hewani, na kila anayetaka anaweza kusikiliza. Wala isichanganywe na simu za upepo za polisi, za walinzi wa makampuni au za mashamba makubwa, ambazo zina leseni za namna nyingine na masafa yake.

Ule mlio wa ti-ti-taa uliomtisha jirani ni msimbo wa Morse, ambao umetumika tangu karne ya 19 na hauna siri yoyote. Kila herufi ina mlio wake, na atakayekaa na jedwali lake kwa miezi michache atausoma kama asomavyo barua. Wanaredio wanaupenda kwa sababu hupenya hata pale ambapo sauti ya mtu imemezwa na mikwaruzo.

Kwa nini waya ni mrefu vile

Hapa ndipo tulipofurahia zaidi, na tunaomba msomaji atuvumilie kidogo, kwa maana hesabu yake inatosha mwanafunzi wa darasa la saba. Wimbi la redio hukimbia kwa mwendo wa mwanga, kilomita 300,000 kwa sekunde. Ukitaka kujua urefu wa wimbi moja kwa mita, chukua 300 ugawe kwa idadi ya megahezi. Mzee wetu huzungumza katika megahezi 7.1, 300 ukigawa kwa 7.1 unapata mita 42 na kidogo. Antena iliyo rahisi kuliko zote ni waya wa nusu ya wimbi, yaani mita 21, na kwa kuwa umeme ndani ya waya huchelewa kidogo kuliko hewani, fundi hupunguza kama sehemu moja katika ishirini. Unabaki na mita 20. Basi waya ule, tuliodhani umepimwa kwa nia mbaya, ulikuwa umepimwa kwa kugawanya.

Wimbi la masafa hayo haliendi mbali kwa kutambaa juu ya ardhi. Hupanda angani, hukutana na tabaka la ionosfia ambalo limejaa chembe zilizotiwa chaji na jua, kisha hurudishwa chini. Waya ukitundikwa chini kiasi, sehemu kubwa ya mawimbi hupanda karibu wimawima na kurudi kama mvua juu ya eneo la mamia ya kilomita kuuzunguka, milima isiweze kuyazuia. Kwa nchi ya mabonde na vilima jambo hili lina thamani kubwa kuliko linavyosikika. Mnara wa simu ni lazima uonane na mnara mwenzake. Waya wa mzee hauhitaji kuonana na mtu. Unahitaji mti, betri ya gari na mtu anayejua saa ipi ya mchana ionosfia huitikia masafa yapi.

Redio ndogo za mkononi ni jambo jingine. Hizo hutumia masafa ya juu zaidi, na wimbi lake hunyooka. Kilima kikikaa katikati, mazungumzo yamekwisha, isipokuwa pawe na mtambo wa kupokezana mawimbi juu ya mlima.

Sheria inasemaje

Nchini Uganda, kama kwa jirani zetu Kenya na Tanzania, hakuna anayeruhusiwa kurusha mawimbi bila leseni. Sheria ya Mawasiliano ya Uganda ya mwaka 2013 imeiweka kazi hiyo mikononi mwa Tume ya Mawasiliano. Kenya wana Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya. Tanzania wana Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania. Mwenye leseni hupewa alama ya mwito, ambayo ndiyo namba yake ya usajili hewani, na mwanzo wake humtaja mwenyewe ni wa nchi gani: 5X ni Uganda, 5Z Kenya, 5H Tanzania, 9X Rwanda, 9U Burundi, 9Q Kongo, na Z8 Sudan Kusini. Anatakiwa kuitaja kila baada ya muda mfupi anapozungumza. Anaitaja kwa alfabeti ileile ya Alfa, Bravo, Charlie tunayofundishwa sisi chuoni, jambo lililomfanya askari mmoja tuliyekwenda naye acheke na kusema, "Kumbe hawa ni wenzetu."

Kwa hiyo maswali matatu tuliyopaswa kumwuliza mzee ni haya: leseni yako iko wapi, alama yako ya mwito ni ipi, na unatumia masafa gani. Asiye na la kujibu ana kesi. Mwenye majibu hayo ana haki ya kuachwa na mwembe wake.

Kanuni za kimataifa zinamkataza mwanaredio kuuficha ujumbe wake kwa lugha ya mafumbo au msimbo usioweza kusomwa na wengine. Hili ndilo lililotutuliza kuliko yote. Mtu anayetaka kufanya njama hawezi kuchagua njia mbaya zaidi ya hii, ambayo jina lake linatajwa kila dakika chache na sauti yake inasikika hadi bara jingine. Hawezi pia kuitumia kwa biashara. Kwenye mkutano wa pili tulimkuta mfanyabiashara wa mahindi, mtu mwungwana kabisa, aliyekuja kuomba mwanaredio amwulizie bei ya soko la upande wa pili wa mpaka. Alijibiwa kwa upole kwamba haiwezekani, akaondoka akinung'unika kwamba mitambo mingi hivi haina faida yoyote. Lakini klabu ilikuwa sahihi. Ujumbe wa mtu asiye mwanaredio hauvushwi mpaka kwa redio ya ridhaa, isipokuwa wakati wa dharura au wa kuokoa watu katika maafa. Kwa sisi wakazi wa mpakani, ambao ndugu zetu wako hatua chache ng'ambo ya kizuizi, katazo hili ni la kukumbukwa, na ile isipokuwa yake ni ya kukumbukwa zaidi.

Leseni nayo haivuki mpaka mfukoni mwa mwenyewe. Mwanaredio wa Uganda anayetaka kurusha mawimbi akiwa Kagera au Busia ya Kenya aombe kwanza ruhusa ya mamlaka ya huko, na mgeni anayekuja kwetu afanye vivyo hivyo kabla ya kufungua sanduku lake.

Neno moja la ukali kidogo. Zipo redio ndogo za mkononi zinazouzwa kwa bei nafuu, ambazo mnunuzi huweza kuzipanga kwenye masafa yoyote, yakiwemo ya vyombo vya usalama. Kuzinunua dukani hakukufanyi mwanaredio. Tumewakuta vijana wakizitumia kwenye maeneo ya ujenzi na hata kwenye harusi, bila nia mbaya, wakiwa wamekaa juu ya masafa yasiyo yao. Mwenye chombo cha namna hiyo afike kwetu kuuliza kabla hatujafika kwake.

Je, si afadhali kuzipiga marufuku

Mmoja wetu aliuliza swali hilo waziwazi mkutanoni: mpakani pana magendo na pana wahalifu, kwa nini tusizikataze redio hizi kabisa? Mzee alijibu kwa kutusimulia mambo ya visiwa vya Andaman na Nicobar.

Visiwa hivyo ni vya India, lakini viko mbali na bara lake, karibu zaidi na Myanmar na Indonesia. Kwa sababu za usalama wa mpaka, serikali ya India kwa miaka mingi haikuruhusu redio ya ridhaa huko. Mwishoni mwa mwaka 2004, baada ya maombi ya muda mrefu, ilitoa kibali kwa kundi la taasisi ya taifa ya redio ya ridhaa kutoka Hyderabad, likiongozwa na mama mmoja, Bharathi Prasad. Walikwenda Port Blair mwezi wa Desemba kwa jambo ambalo wengi wangeliona ni mchezo mtupu: kuzungumza na wanaredio wa dunia nzima kutoka mahali ambapo hapajasikika kwa muda mrefu.

Walikuwa bado huko asubuhi ya tarehe 26 Desemba, tetemeko kubwa lilipopiga karibu na Sumatra na bahari ikainuka. Simu zilikatika na umeme ukakatika. Mchezo uliachwa saa ileile. Kundi lile liliweka mitambo yake chini ya utawala wa visiwa, kituo kingine kikafunguliwa Car Nicobar ambako uharibifu ulikuwa wa kutisha, na kwa siku nyingi habari za nani yu hai na nani hajulikani alipo zilipita katika nyaya zao kwenda kwa jamaa waliokuwa wakisubiri bara.

Hatusemi kwamba serikali ile ilikosea kuwa na tahadhari. Mwenye nyumba mpakani hufunga mlango mapema. Kilichotugusa ni tarehe. Kibali kilikuwa mkononi, watu walikuwa wamefundishwa, na antena zilikuwa juu kabla ya siku yenyewe. Lau karatasi ile ingechelewa mezani kwa ofisa mmoja kwa wiki chache zaidi, watu wale wangekuwa Hyderabad wakisikiliza ukimya.

Kwetu napo ardhi imewahi kutikisika. Jumamosi ya tarehe 10 Septemba 2016, saa tisa na nusu alasiri hivi, tetemeko la ukubwa wa 5.9 lilipiga mkoa wa Kagera. Bukoba na vijiji vyake vilipata hasara kubwa, watu zaidi ya 15 walipoteza maisha, na upande wetu wa mpaka tulitoka nje ya nyumba mbio. Tetemeko halikupita kwanza kugonga pasipoti. Saa kama hizo kila mtu huinua simu kwa wakati mmoja, na mtandao hata ukiwa mzima hulemewa.

Zoezi la daraja

Klabu ilitualika kushiriki zoezi. Tulijifanya kwamba mvua imekata daraja na simu hazifanyi kazi. Ujumbe mmoja ulitumwa kwa njia mbili kwenda kituo cha afya kilicho kilomita kadhaa kutoka hapo: kwa mdomo, kupitia watu sita wakipokezana kwa miguu na bodaboda, na kwa redio. Ujumbe wenyewe ulikuwa huu:

DARAJA LIMEVUNJIKA. WATU KUMI NA WAWILI WAMEKWAMA UPANDE WA MASHARIKI. HAKUNA MAJERUHI. TUNAOMBA MASHUA.

Wa mdomo ulifika ukisema kwamba daraja limevunjika na watu kumi na wawili wamekufa. Mashua haikutajwa. Watu sita, wote waaminifu, wote wenye akili timamu. Mahali fulani njiani "wamekwama" likawa "wamekufa", na maneno "hakuna majeruhi" yakadondoka kwa kuwa hayakuafikiana tena na habari. Muuguzi aliyeupokea alianza kuuliza nani ataarifu familia, na kwa dakika moja hivi hakuna aliyekumbuka kwamba tuko kwenye zoezi.

Wa redio ulifika kama ulivyoandikwa. Mtambo ulichangia kidogo tu. Utaratibu ndio uliofanya kazi. Ujumbe huandikwa kwenye karatasi kabla ya kusemwa. Hupewa namba, saa, jina la mtumaji na daraja la uharaka. Kisha huhesabiwa maneno, na hesabu hutumwa pamoja nao: wetu ulikuwa na 14. Mpokeaji huandika neno kwa neno, huhesabu, na hesabu zisipolingana huomba urudiwe. Mwishoni huusoma wote kwa mtumaji. Jambo hili halihitaji redio, na ndiyo maana tunaliandika hapa kwa kirefu. Mwenyekiti wa LC1 anayemtuma kijana kituoni na habari ya mafuriko anaweza kuandika maneno yasiyozidi 25, akayahesabu, akatia saa na jina lake. Tumeanza kuutumia mtindo huo kwa taarifa zinazoletwa mezani kwetu, na ugomvi wa "nilikwambia hivi, hukuniambia hivyo" umepungua.

Kwa kujifunza masafa ya dharura, mwanaredio wa ukanda wetu hukariri namba hizi: kilohezi 3760, 7110 na 14300. Hapo ndipo wenzake watakapomtafuta maafa yakitokea. Lakini kwa mwananchi wa kawaida mwenye simu inayofanya kazi, namba ni zilezile, 999 au 112, na asimtafute mwanaredio kwanza.

Habari za klabu

Klabu hukutana hewani kila Jumapili jioni, mwenyekiti wa kikao akiita alama moja baada ya nyingine kama mwalimu aitavyo mahudhurio. Asiyeitika mara mbili hutembelewa nyumbani, desturi tuliyoipenda, kwa kuwa wengi wao ni watu wazima wanaoishi peke yao.

Vijana wanavutiwa zaidi na uwindaji wa mbweha. Mtambo mdogo hufichwa kichakani, na wawindaji hutembea na antena ya mkononi wakiugeuza huku na huku hadi waufikie. Polisi wawili waliingia mashindano ya mwisho na wakashindwa na msichana wa sekondari, ambaye alitueleza kwa adabu kwamba tulikuwa tukifuata mwangwi wa wimbi kutoka ukuta wa ghala. Ujuzi huohuo ndio unaotumika kumsaka anayechafua masafa ya wengine.

Mwezi wa Oktoba maskauti wataungana na klabu kwa Jamboree ya Hewani, iliyoanza mwaka 1958 na ambayo hufanyika kila mwaka mwishoni mwa juma la tatu la mwezi huo, ambapo maskauti wa nchi mbalimbali huzungumza kwa redio chini ya uangalizi wa wenye leseni. Na darasa la wanaojiandaa kwa mtihani wa leseni lina wanafunzi tisa. Mmoja wao ni yule jirani aliyeleta taarifa. Ndiye pia aliyeupandisha waya mpya juu ya mwembe, kwa kuwa magoti ya mzee hayapandi tena.

Zoezi lijalo litafanyika Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao katika uwanja wa shule ya msingi, kuanzia saa nne asubuhi. Wakazi mtaona waya wa mita 20 kati ya mlingoti wa bendera na mti wa mvule, na mtasikia ti-ti-taa. Utashushwa saa kumi jioni. Mwenye swali aje na swali lake. Leseni zitakuwa mezani, na anayetaka kuziona ataonyeshwa.